Fungate ya Mwaka wa Nne

BABA ZAWADI: Inarekodi?

MAMA ZAWADI: Inarekodi. Punguza sauti, mtoto ndiyo kwanza kalala.

BABA ZAWADI: Karibuni tena, wasikilizaji wetu. Leo hatuna mgeni. Tulikuwa kimya wiki mbili, mkatuandikia, wengine mkadhani tumeachana.

MAMA ZAWADI: Yule aliyeuliza, "Mama Zawadi, huko ndani kuna usalama?" Usalama upo, dada yangu. Tulikuwa fungate.

BABA ZAWADI: Fungate ya mwaka wa nne.

MAMA ZAWADI: Ndoa tumefunga Desemba 2021, fungate tumekwenda Novemba 2025. Mtoto kashajua kuomba simu. Haya, waambie watu kwa nini tulichelewa.

BABA ZAWADI: Hela.

MAMA ZAWADI: Hela gani? Nyoosha maneno.

BABA ZAWADI: Sawa. Kamati ilikaa vikao kila Jumapili. Ahadi zikawa nyingi kuliko fedha, mnajua wenyewe mambo ya kadi za michango. Wiki ya mwisho mwenyekiti ananiita pembeni, ananiambia kuna pengo upande wa vinywaji. Nikakopa kuziba pengo. Kicheni pati imepita, sendofu imepita, harusi watu wamekula wamesaza, Jumatatu saa mbili asubuhi mimi niko kazini.

MAMA ZAWADI: Na mimi nahesabu masufuria ya kurudisha kwa majirani. Kwenye ile karatasi ya bajeti fungate ilikuwepo, jamani. Mstari wa mwisho kabisa, imeandikwa "salio likiruhusu".

BABA ZAWADI: Salio halikuruhusu.

MAMA ZAWADI: Lilikosa ruhusa miaka minne! Na ukumbi ulikuwa na maua hadi chooni.

BABA ZAWADI: Haya, tulikokwenda. Mafia.

MAMA ZAWADI: Nilipomwambia mama, kule Moshi, simu ilinyamaza. Halafu akaniuliza, "Mwanangu, mumeo anadaiwa na watu gani?" Ikabidi nimweleze kwamba Mafia ni kisiwa, ni wilaya ya Mkoa wa Pwani, ina mkuu wa wilaya na kila kitu. Hakuna majambazi wa Kitaliano.

BABA ZAWADI: Watu wengi walituuliza kwa nini siyo Unguja.

MAMA ZAWADI: Unguja nimekwenda mara tatu kwa semina. Nikiiona tu naanza kutafuta kitambulisho cha kuvaa shingoni.

BABA ZAWADI: Na mimi nilitaka kumwona papa potwe. Sasa, ndege ipo, kutoka Dar ni nusu saa hivi. Sisi tulikwenda kwa njia ya wananchi. Basi la Mbagala Rangi Tatu, unapita Mkuranga, ukifika Bungu unaacha barabara ya Kilwa, unakata kushoto mpaka Nyamisati. Pale ndipo boti ya Mafia inapoondokea.

MAMA ZAWADI: Inaondoka maji yakitaka. Hilo hukuniambia.

BABA ZAWADI: Nilikuwa sijui! Nimezaliwa Singida, bahari ya kwangu ilikuwa lambo la ng'ombe. Nauliza tunaondoka saa ngapi, mzee mmoja ananiangalia kwa huruma, ananiambia, "Kijana, maji bado." Kumbe ule ni mkono wa bahari kwenye delta ya Rufiji, maji yakipwa chombo kinakaa kwenye tope. Ukisubiri unatazama mikoko tu.

MAMA ZAWADI: Mizuri lakini. Mizizi yote iko nje, kama miti imepandisha suruali ivuke.

BABA ZAWADI: Tukatoka kwenye mikoko, tukaingia bahari yenyewe.

MAMA ZAWADI: Hapo sasa. Endelea.

BABA ZAWADI: Tukaingia bahari yenyewe, safari ikaendelea.

MAMA ZAWADI: Weee! Bwana harusi katapika kutoka mwanzo hadi mwisho! Bibi mmoja alikuwa na kikapu chake, akatoa ndimu, akaikata kwa meno, akampa anuse. Akaniuliza, "Huyu mwanao mdogo?" Nikasema ni mume wangu, bibi, tunakwenda fungate. Boti nzima ikacheka.

BABA ZAWADI: Saa nne, ndugu zangu. Saa nne kwenye maji. Na hapo ilikuwa Novemba, kusi imeondoka, kaskazi haijashika, wenyewe wanasema bahari imelala.

MAMA ZAWADI: Kilindoni tukachukua bajaji mpaka Utende, upande wa pili wa kisiwa. Lami, kilomita kama 14, minazi kulia na kushoto. Njiani kuna geti, unalipa kiingilio cha hifadhi.

BABA ZAWADI: Hiyo ndiyo hifadhi ya bahari ya kwanza Tanzania, ilianzishwa 1995. Tofauti yake na mbuga tulizozoea ni kwamba vijiji vimo ndani. Watu wanaishi, wanavua, wanaoana, humohumo hifadhini. Kwa hiyo na sisi tulikuwa fungate ndani ya hifadhi.

MAMA ZAWADI: Mnyamapori mmoja ninamjua. Sasa nifike kwa Bi Mkubwa.

BABA ZAWADI: Fika, maana huyo ndiye kipindi.

MAMA ZAWADI: Hatukulala kwenye zile hoteli za ufukweni. Tulilala nyumba ya wageni ya kawaida, vyumba vichache, ya mama mmoja mtu mzima. Jina lake silitaji, hakuniruhusu. Sisi tulimwita Bi Mkubwa. Jioni ile ya kwanza katupikia wali wa nazi na mchuzi wa pweza. Nimemaliza kula, mimi kwa mazoea nikainuka nikakusanya sahani. Akanishika mkono. "Wewe si umesema uko fungate? Keti."

BABA ZAWADI: Akauliza lile swali.

MAMA ZAWADI: "Mlipooana, mlikaa ndani siku ngapi?" Nikasema hatukukaa, mume wangu alirudi kazini. Akageuka akamtazama huyu kama anamtazama mwizi wa kuku.

BABA ZAWADI: Nikajitetea, nikasema ndiyo maana sasa tumesafiri. Akasema, "Fungate si safari. Fungate ni siku saba." Nilifungua kamusi usiku ule, na kweli, fungate ni zile siku saba baada ya harusi. Mambo ya kupanda ndege na kupiga picha na nazi yamekuja baadaye.

MAMA ZAWADI: Alinieleza vizuri sana. Zamani kwao bi harusi alikaa ndani siku zote saba na mumewe. Hashiki ufagio, hachoti maji. Ana somo wake, yule mama aliyemfunda, anamhudumia, anamsinga, anamfukiza udi, chakula kinaletwa mlangoni. Mimi nimelelewa Moshi, kwetu mambo ni mengine, lakini nilisikiliza nikaona wivu. Yaani watu wa nje wanakubaliana kwamba hawa wawili, kwa siku saba, hawadaiwi kitu chochote.

BABA ZAWADI: Akauliza tunakaa siku ngapi. Nikasema nne. Akahesabu kwa vidole. "Basi mkeo anakudai tatu."

MAMA ZAWADI: Ushahidi umerekodiwa. Papa sasa.

BABA ZAWADI: Papa potwe. Huyu ndiye samaki mkubwa kuliko samaki wote duniani. Nyangumi hayumo, nyangumi si samaki. Lakini chakula chake ni viduduvidudu na uduvi, anafungua mdomo anachuja maji. Mafia wanaonekana zaidi kuanzia Oktoba mpaka Machi, karibu kabisa na Kilindoni, unakiona kisiwa hapo hapo. Mgongo wake una madoa meupe, na madoa ya huyu hayafanani na ya yule, ndivyo watafiti wanavyowatambua, wanawapiga picha ubavuni. Kenya wanamwita papa shilingi. Wanasimulia kwamba Mungu alipendezwa naye mno, malaika wakammwagia sarafu kutoka mbinguni zikamganda mgongoni.

MAMA ZAWADI: Umeyasoma vizuri sana. Sasa waambie ulipomwona ulifanya nini.

BABA ZAWADI: Nilibaki kwenye mashua kulinda vitu.

MAMA ZAWADI: Vitu gani? Kandambili? Jamani, miaka miwili huyu ananiimbia papa potwe, papa potwe. Asubuhi tumevalishwa majaketi ya kuokolea na miwani ya kuzamia, nahodha ametupa masharti, usimguse, usimkaribie mkiani, usimzibe njia. Kivuli kikaja chini ya mashua. Nahodha alikisia mita sita, mashua yenyewe sijui kama inafika. Akasema, "Sasa!" Nikageuka kumtafuta mume wangu, kakumbatia nguzo ya turubai.

BABA ZAWADI: Mawimbi yalikuwa...

MAMA ZAWADI: Hakukuwa na mawimbi! Mimi sijui kuogelea, nimekulia chini ya Kilimanjaro, nikajitupa. Jaketi likanipandisha, nikaingiza uso majini. Na huyo hapo. Anapita taratibu kama lori lililozimwa injini linashuka mteremko. Hakunitazama hata kidogo. Nilikaa majini, sijui dakika ngapi, nimesahau hata kuogopa. Nilipotoka nilikuwa nalia ndani ya miwani.

BABA ZAWADI: Nikamshika mkono nikampandisha. Hilo pia lisemwe.

MAMA ZAWADI: Lisemwe. Alinivuta vizuri.

BABA ZAWADI: Siku ya tatu tulivuka kwenda Chole, kisiwa kidogo mbele ya Utende. Nilitegemea mchanga na picha. Chole hakuna ufukwe wa maana, kuna historia. Hapo ndipo palipokuwa makao ya utawala, Wajerumani wakayahamishia Kilindoni mwaka 1913. Majengo yao yamebaki magofu, mizizi ya miti imeshika kuta kama vidole.

MAMA ZAWADI: Na popo! Mchana kweupe wananing'inia mtini kama miavuli iliyofungwa, wakubwa, uso wa mbwa. Wanakula matunda tu. Kijana aliyetutembeza alisema ni ndugu zao na popo wa Komoro. Jioni wanaondoka kundi zima, mbingu inakuwa nyeusi.

BABA ZAWADI: Mimi kilichonikaa ni mafundi wa mashua. Wana shoka na tezo, hakuna mchoro. Nikamwuliza fundi kipimo kiko wapi, akagonga paji la uso.

MAMA ZAWADI: Tuwaambie na usiku ule?

BABA ZAWADI: Upi?

MAMA ZAWADI: Wa pili. Barazani.

BABA ZAWADI: Ah. Tuwaambie.

MAMA ZAWADI: Tumeshakula, taa imezimwa, tumekaa barazani kwenye mkeka. Tumezungumza habari za mtoto, zikaisha. Habari za kazi, zikaisha. Za ada ya shule ya awali, zikaisha. Halafu kimya. Mimi nikaingiwa na hofu kuliko ya papa. Nikawaza, ina maana hatuna la kuongea? Miaka minne tunaishi kama makarani wa ofisi moja, kukabidhiana tu, gesi imeisha, umelipa luku, mtoto kakohoa.

BABA ZAWADI: Mimi niliwaza hivyohivyo, ila nilidhani ni mimi peke yangu. Nikashika simu, mtandao ukawa unasuasua. Nashukuru ulisuasua.

MAMA ZAWADI: Ndipo ukanitobolea.

BABA ZAWADI: Ndipo nikamwambia ule mkopo wa vinywaji nimemaliza kuulipa Agosti.

MAMA ZAWADI: Agosti 2025! Mimi nilijua uliisha ule mwaka wa kwanza. Kila nilipouliza fungate ananiambia "mwakani, mke wangu", nikawa namwona bahili. Nimenuna kimoyomoyo miaka mitatu kwa kosa ambalo siyo lenyewe. Kwanza nilikasirika. Nilikwenda kulala nikamwacha na mbu.

BABA ZAWADI: Mbu wa Utende hawana utani.

MAMA ZAWADI: Nikarudi baada ya nusu saa, siwezi kulala. Tukaongea mpaka adhana ya alfajiri. Kuhusu nini, hilo halirekodiwi.

BABA ZAWADI: Asubuhi Bi Mkubwa katuletea mkate wa kumimina na chai ya mchaichai, akatuangalia macho yalivyovimba. Akasema, "Alaa. Sasa mmeoana."

MAMA ZAWADI: Na siku ya kuondoka akanipa kanga. Nilifika bandarini ndipo nikaisoma. Sitaji maneno yake, ila mume wangu aliona haya.

BABA ZAWADI: Kurudi nilitapika mara mbili tu.

MAMA ZAWADI: Kakomaa. Haya, kuna maswali yenu ya gharama, tutayajibu kipindi kijacho, kuna mambo tulilipa mara mbili kwa ushamba wetu...

BABA ZAWADI: Ngoja. Umesikia?

MAMA ZAWADI: Nini?

BABA ZAWADI: Zawadi kaamka. Analia.

MAMA ZAWADI: Namsikia.

BABA ZAWADI: Si uende?

MAMA ZAWADI: Niende wapi, baba? Mimi bado nina siku zangu tatu.

BABA ZAWADI: Mama Zawadi...

MAMA ZAWADI: Na maziwa yapashe moto kwanza. Wasikilizaji, kwaherini, mwenzangu kapata kazi.