Herufi m kwa wiki moja: kuanzia mdomoni hadi "mmea umemea"

Karibuni walimu wenzangu wa chekechea, karibuni na wazazi mnaoshinda nyumbani na watoto wa miaka minne, mitano. Leo tunafundisha herufi m, na kazi ya kwanza ni kuotesha maharage.

Tazameni hapa mezani. Nina kopo safi, pamba, na maharage manne niliyoyaloweka tangu jana usiku. Lowesha pamba, iweke ndani ya kopo, halafu chomeka maharage kati ya pamba na ukuta wa kopo ili watoto wayaone kwa nje. Nyumbani anaweza kufanya mtoto mwenyewe. Darasani, gawa kopo moja kwa kila kikundi. Weka karibu na dirisha, na kila asubuhi watoto waongeze maji kidogo. Kidogo tu, maana yakizidi maharage yanaoza. Sasa tuyaache hapo, tutayarudia mwishoni.

Kitu kimoja uhakikishe kabla hujaendelea: mtoto azijue irabu, a e i o u, azitambue hata ukizichanganya. Kama bado, simamisha video hapa, rudi kwenye irabu, m itakusubiri.

Haya, tuanze na mdomo. Kaa na watoto chini, kwenye mkeka, uso kwa uso. Funga midomo, toa sauti: mmmmm. Kama mtu aliyeonja mchuzi ukamkolea. Watoto wafuate. Halafu waambie wabane pua huku wakiendelea na mmmmm. Umeona? Sauti imekatika! Watacheka, watataka kurudia mara kumi, waache warudie. Wamegundua wenyewe kwamba sauti ya m inatokea puani huku midomo imefungwa, na hilo hawatalisahau. Ukiwa na kioo, mpitishie kila mmoja ajione midomo yake.

Hapa naomba mnisikilize kwa makini. Usimwambie mtoto kwamba herufi hii ni "em", wala usimwambie ni "ma". Mwaka wangu wa kwanza kufundisha, nilikuwa naonyesha ubaoni nasema "ma", darasa zima linaitikia "ma". Tulipofika kwenye "me", watoto wakasoma "mae". Kwenye "mi", "mai". Walisoma sawasawa na nilivyowafundisha. Kosa lilikuwa langu. Sauti ni mmmmm, peke yake.

Mchezo wa pili ni wa kapu. Ndani ya kapu langu nimeweka mkate, mahindi, mfuniko, maji ya chupa, na vitu visivyo vya m: kijiko, sabuni, kikombe. Nachomoa kimoja, nakitaja polepole. Kikianza na mmm, watoto wanasimama na kushika pua. Kama siyo, wanabaki wamekaa. Mmmm-kate! Wote juu. Sabuni? Kimya.

Chagua vitu vyako kwa uangalifu. Nazi na nanasi usiweke wiki hii, kwa sababu n nayo inavuma puani na mtoto mdogo atazichanganya. Na picha ya mbuzi, ambayo wengi wetu tunaipenda, iache kwanza. Pale m imeshikana na b, midomo inaachia haraka, mtoto hapati nafasi ya kuisikia mmm ikikaa.

Sasa tutoke nje. Kwa fimbo nachora m ndogo uwanjani, kubwa kiasi cha hatua nne za mtu mzima. Pale inapoanzia, upande wa kushoto juu, naweka jiwe. Mtoto anaanza kwenye jiwe, anatembea juu ya mstari, na wote tunaimba naye: shuka, panda, kilima! Panda tena, kilima! Jiwe hilo lina kazi kubwa, hasa kwa watoto wanaokwenda madrasa jioni na kule wanaanza kuandika upande wa kulia. Hawajakosea, ni maandishi mawili yenye njia mbili, na jiwe linawakumbusha leo tuko njia ipi.

Miguu ikishazoea, tunahamia kwenye kidole. Sinia, mchanga mkavu, basi. Wimbo ni uleule. Akikosea anatikisa sinia, mchanga unalala, anaanza upya. Ndiyo maana naupenda mchanga kuliko karatasi: hauna alama ya kosa. Penseli niliileta siku ya nne tu, na hata hapo kwa dakika chache. Mzazi anayedai daftari lijae m siku ya kwanza, muonyeshe sinia, mwache mtoto amwandikie mbele yake.

Herufi kubwa, ile M ya mwanzo wa majina, taja tu kwa Musa na Mariamu wako darasani, halafu endelea.

Tunafika sehemu ninayoipenda kuliko zote. Kusanya vizibo vya plastiki vya chupa za maji. Vya bati vina meno, vinakata. Vioshe, andika herufi kwa maka peni: m nne, a nne, e tatu, na i, o, u mbili mbili. Weka m kushoto, a mbali kidogo. Sukuma m kuelekea a huku ukivuma: mmmmmm... vizibo vikigusana, aaa. Mmmmaaa. Usikate sauti katikati. Fanya hivyo na me, mi, mo, mu. Kwenye me atasikia mbuzi, kwenye mo ng'ombe, mwache alie kama wao.

Kisha unganisha silabi mbili. Ma-ma. Mi-mi. Halafu ma-u-a. Halafu, angalia sura yake hapa, u-me-me. Mtoto ameisoma "umeme" na bado anajua konsonanti moja tu! Ndiyo sababu mimi huanza na m. Lugha yetu imejaa maneno yanayotosheka na m na irabu, na mtoto anaonja kusoma kweli ndani ya wiki ileile.

Jambo moja wengi tunalipita haraka: katika Kiswahili m inaweza kusimama peke yake kama silabi. Mfundishe kupiga makofi: m-to-to, makofi matatu. M-ti, mawili. Ile m ya mwanzo ipewe kofi lake. Asipoizoea sasa, baadaye atasoma "mutoto" na utadhani hajui kusoma.

Haya, turudini dirishani. Kwangu maharage yalichukua siku tano kuota. Kwenye baridi huenda yakachelewa, usiwe na haraka. Mzizi ulitoka kwanza, kisha shina likainuka limejikunja kama shingo. Siku hiyo leta kopo mezani, na bila kusema neno panga vizibo mbele ya mtoto:

m m e a   u m e m e a

Usimsaidie. Atavuma m ya kwanza, apige kofi. M. Me. A. Atanyamaza. Atasogeza kidole. U. Me. Me. A. Atarudia haraka zaidi, kisha atainua macho kutazama kopo.