Mbona wa Miaka ya Tisini Walitoboa na Ninyi Mnalia? Haya, Leo Nawajibu

Haya ndugu zangu, habari za huko. Sauti inafika? Niko kwenye gari hapa Lowell, Massachusetts, nimetoka shifti ya usiku, injini inanguruma kwa sababu bila hivyo nitaganda. Mtanivumilia.

Leo sina mada yangu. Nina swali lenu, linalokuja chini ya kila video, hata ile niliyokuwa napika maharage. "Dada, mbona akina mjomba walioenda Marekani miaka ya tisini walijenga, wakasomesha, wakaleta na magari, na ninyi wa sasa kila siku ni bili na makaratasi?" Nimelikwepa muda mrefu kwa sababu najua litakavyokwenda. Nikisema maisha magumu, mtasema analia, anatuzibia njia ili afaidi peke yake. Nikisema nashukuru, mtasema anaringa. Kwa hiyo chagueni mapema mtanitukana kwa lipi, mimi naendelea.

Sitawaelezea baridi wala kubeba boksi, hayo mnayajua kuliko mimi. Nataka niongelee milango. Wale wa tisini, pamoja na baba yangu mdogo ambaye najua ataitazama hii, hawakuwa wajanja kutuzidi. Walikuta milango wazi, na aliyeifungua wala hakuwa anawafikiria wao.

Tuanze na loteri, kwa sababu ndiyo iliyonileta. Huko nyumbani watu wanadhani Wamarekani walikaa wakasema, jamani, tuwaonee huruma Waafrika, tuwachezeshe bahati nasibu. Wapi! Loteri ya kadi ya kijani, yaani kibali cha ukaazi wa kudumu, chimbuko lake ni Waayalandi. Sheria ya mwaka 1965 ilifuta ule mgawo wa zamani uliopendelea Ulaya ya kaskazini na magharibi, ikatanguliza mwenye ndugu wa karibu na mwenye ujuzi unaotakiwa. Miaka ya themanini uchumi wa Ireland ukawa hoi, vijana wao wakaja Boston na New York kama watalii, wakabaki. Wengi hawakuwa na baba wala kaka huku wa kuwaombea viza, ndugu zao walishahama vizazi vingi nyuma. Wakawa wanafanya kazi za ujenzi, baa, kulea watoto wa watu. Makaratasi hawana. Kama unaowajua wewe na mimi, tofauti ni kwamba wao walikuwa na wajomba Bungeni.

Mjomba wa kwanza, Brian Donnelly, mbunge wa jimbo hili hili la Massachusetts. Kwenye sheria ya mwaka 1986 akapenyeza viza 5,000 kwa mwaka kwa nchi zilizoumizwa na ile sheria ya 1965. Wa pili ni Bruce Morrison wa Connecticut. Huyu ndiye fundi. Sheria ya uhamiaji ya mwaka 1990, aliyoisaini George Bush mkubwa mwezi Novemba, ikatoa viza 40,000 kila mwaka kwa miaka 3, na angalau asilimia 40 zimetengwa kwa nchi moja. Nchi gani? Sheria haikuitaja! Ilisema tu nchi iliyopata viza nyingi kuliko zote katika mpango uliotangulia, ule wa Donnelly. Sasa wewe tafuta ni nchi gani hiyo.

Kazini kwangu kuna bibi mmoja ninayemhudumia, jina silitaji na sitalitaja, ana asili ya huko huko Ireland. Usiku usingizi ukimkataa tunapiga soga. Akanisimulia mpwa wake alivyofanya mwaka 1991. Mwaka ule viza hizo ziliombwa kwa posta, barua itakayofika kwanza ndiyo inahesabiwa, na unaruhusiwa kutuma kadiri unavyotaka. Lakini ikifika kabla ya muda uliopangwa inatupwa. Kila kitu kinakwenda kwenye posta moja, Merrifield, Virginia. Basi watu wakafunga safari kwa magari na mabasi kutoka Boston na New York wakatumbukize bahasha zao pale pale mlangoni. Bibi alikaa mezani na dada yake wakiandika jina lile lile la mpwa, anwani ile ile, bahasha baada ya bahasha, mpaka kidole kikatoka lengelenge. Ananionyesha kidole hadi leo. Huko Merrifield zikamiminika barua mamilioni kwa mamilioni. Nilicheka, halafu nikakumbuka foleni ya kujaza loteri stationery pale Morogoro, picha za kupiga kwenye shuka jeupe, tunaambiwa usitabasamu.

Sasa, ili sheria ile isionekane ya watu fulani tu, ikawekwa na mpango wa kudumu: kuanzia mwaka wa fedha 1995, viza 55,000 kila mwaka kwa nchi zinazopeleka wahamiaji wachache Marekani. Hapo ndipo Mtanzania, Mkenya, Mkongo wakaingia. Kanzu ilishonwa kwa kipimo cha mwingine, sisi tukaivaa na ikatukaa vizuri. Waayalandi wenyewe uchumi wao ukaja kufumuka miaka ile ile ya tisini, wengi wakarudi kwao.

Baba mdogo yeye hakuja kwa loteri. Alikuja mapema kidogo kwa viza ya masomo, ikaisha, akakaa. Najua hapendi nikisema. Lakini anaposimama kwenye kundi la ukoo la WhatsApp kuniambia "sisi tulikuja na begi moja, hatukulalamika", inabidi mtu aseme. Mwaka 1986 Rais Reagan, ndiyo, Reagan yule wa chama cha Republican, alisaini msamaha kwa waliokuwa wanaishi bila makaratasi tangu kabla ya Januari 1982. Watu kama milioni 2.7 wakapata ukaazi. Huo baba mdogo hakuuwahi. Ila mwaka 1994 kukatoka kipengele kingine: ukiwa na mtu au mwajiri wa kukuombea, hata kama viza imekufa siku nyingi, unalipa faini, baadaye ikawa dola 1,000, unamalizia makaratasi yako humu humu ndani bila kutoka. Dirisha hilo lilifungwa Januari 1998, likaja kufunguliwa kidogo, likafungwa tena mwezi Aprili 2001. Yeye alipita. Nampongeza kwa moyo mweupe. Lakini asiniambie ni bidii.

Kwa sababu angalieni kilichofuata. Tarehe 30 Septemba 1996 Rais Clinton alisaini sheria ambayo kila mbeba boksi ameshakutana nayo hata kama hajui jina lake. Kuanzia Aprili 1997, ukikaa bila ruhusa zaidi ya siku 180 kisha ukatoka, hurudi kwa miaka 3. Ukipitisha mwaka, miaka 10. Ndiyo maana mnashangaa, "fulani mama yake kafariki na hakuja kuzika, kawa Mzungu". Hajawa Mzungu. Akipanda ndege tu, mlango umefungwa nyuma yake miaka kumi, na watoto wako ndani. Kuna watu wamezika wazazi kwa simu, wamekaa na kanga sebuleni kama wako msibani, halafu kesho yake shifti. Msiwaseme hivyo, tafadhali.

Na sheria hiyo hiyo ndiyo inayojibu swali lenu la pili, "mbona humleti shemeji yetu?" Eeh. Mnauliza kama namwagiza kwa basi. Mimi nilishinda loteri nikiwa sijaolewa, kwa hiyo hakuwemo kwenye fomu yangu. Sasa naomba kama mwenye kadi ya kijani, si raia, na foleni hiyo ni ya miaka. Juu yake kuna hati ya udhamini, kwamba unayemleta utamtunza wewe. Zamani udhamini ulikuwa barua tu ya ahadi, mtu anasaini, maisha yanaendelea. Tangu sheria ya 1996 ni mkataba wa kisheria: uonyeshe kipato kisichopungua asilimia 125 ya mstari wa umaskini, yaani kile kipato ambacho chini yake serikali inakuhesabu maskini, ukijihesabu wewe na unayemleta, na unabaki mdhamini wake mpaka awe raia au afikishe kama miaka 10 ya kazi. Hata mkiachana! Mume anaweza kuondoka na mwanamke mwingine na bado wewe ndiye mdhamini. Mume wangu nilipomsomea hilo kwenye simu alicheka sana. Alicheka kupita kiasi, kwa maoni yangu.

Halafu nikampa kazi ya kujaza fomu jamaa mmoja hapa mjini, anajiita mtaalamu. Akapokea dola zangu, fomu ikarudi, toleo la zamani, halipokelewi. Namfuata, ananiambia dada, hiyo ni ada ya kujaza, sio ada ya kukubaliwa. Bado nikimwona supamaketi nabadilisha njia, si kwa woga, ni kwa ajili ya ulimi wangu.

Wengine mnasema serikali inatupa hela. Inatupa lini? Agosti 1996, mwezi mmoja kabla ya hiyo nyingine, Clinton alisaini sheria ya misaada ya jamii. Mwenye kadi ya kijani wa kawaida akiingia leo anasubiri miaka 5 kabla ya kuomba msaada wa chakula wa serikali kuu. Kodi lakini analipa tangu mshahara wa kwanza.

Mshahara. Septemba 1997 kima cha chini cha taifa kilipanda hadi dola 5.15 kwa saa. Baba mdogo anapenda kusema, "dola tano, nikajenga Mbezi". Mwaka ule dola ilikuwa shilingi mia sita na kidogo, na Mbezi kiwanja ulikuwa unaongea na mzee mwenye shamba la mikorosho mnaelewana. Sasa kima cha taifa ni dola 7.25, hakijasogea tangu Julai 2009. Nasikia mnavyopiga hesabu: dola sasa ni zaidi ya shilingi elfu mbili. Sawa, na saruji je? Na kiwanja je? Hapa Massachusetts kima ni 15, nisiseme uongo nikaonekana naficha. Lakini kodi ya nyumba ndiyo inayokula shifti zangu, nikimaliza kulipa ninabaki na ya mafuta ya gari na ya kutuma. Kuna mwenzangu yuko Texas, anasema kwake ni nafuu. Kila mtu na jimbo lake, na kazi yake, na ndugu zake.

Nirudi kwenye hiyo tisini mnayoitamani. Tanzania Bara hatukuwa na televisheni mpaka mwaka 1994. Marekani tuliijua kwa redio na kwa kanda za VHS alizoleta mtu akija likizo: Michael Jordan anaruka, Chicago Bulls wanachukua ubingwa wa mpira wa kikapu mara sita kati ya 1991 na 1998, watu wanacheka, nyumba zina zulia. Kwenye kanda hizo hamkuona Los Angeles inavyoungua Aprili 1992, baada ya polisi waliorekodiwa wakimpiga Rodney King kuachiwa mahakamani.

Na kuna mmoja simsahau. Amadou Diallo, kijana wa Guinea, miaka 23, alikuwa anauza vitu barabarani New York, soksi, glovu, kanda za video. Usiku wa tarehe 4 Februari 1999 alikuwa amesimama mlangoni kwake, Bronx. Polisi wanne waliovaa kiraia wakasema anafanana na mtu wanayemtafuta. Akatoa pochi. Risasi 41 zilipigwa, 19 zikampata. Silaha hakuwa nayo. Kesi ilihamishiwa Albany, na Februari 2000 wote wanne wakaonekana hawana hatia. Huyo naye ni wa tisini, jamani. Naye alikuja na begi. Mama yake alikuja kuchukua mwili akamrudisha Guinea kuzika. Baba mdogo alikuwepo nchini wakati huo, na hajawahi kunisimulia habari hii hata siku moja. Niliisoma mwenyewe.

Basi. Mimi si mwanasheria, haya ni ya kwangu na niliyoyasoma, wewe ya kwako yanaweza kuwa tofauti kabisa, usije ukaniambia dada ulisema. Mnaocheza loteri: someni masharti kwenye tovuti rasmi ya Wizara ya Mambo ya Nje ya Marekani, maana yanabadilika kila kukicha, na siku nyingine mpango wenyewe unasimamishwa. Ukiwa na mume, mke au mtoto, mwandike. Ukimficha, viza unanyimwa hata kama umechaguliwa. Na kuchaguliwa sio viza, wanachagua wengi kuliko nafasi zilizopo, kwa hiyo usiuze kiwanja kwa sababu ya ujumbe wa kwenye kompyuta. Mtu akikwambia kwa laki tano atakuhakikishia ushindi, muulize yeye mwenyewe anafanya nini Kariakoo.

Baba mdogo, shikamoo. Mchango wa harusi ya binti yako nimeutuma jana kwa mweka hazina, risiti iko kwenye kundi.