Bakteria wa Tauni Alivyoponea Chupuchupu Kubadilishwa Jina

Asanteni. Mliosimama nyuma, viti vipo huku mbele, siumi mtu.

Nimeombwa nizungumzie namna vijidudu wanavyoainishwa na kupewa majina. Linnaeus, baba wa majina ya kisayansi ya viumbe, mnamjua. Woese, aliyelinganisha RNA ya ribosomu akavigawa viumbe hai katika makundi makuu matatu, mnamjua, domaini hizo tatu mmezifanyia mitihani. Sirudii. Nitagusa jambo moja tu: Linnaeus, bingwa wa kumpangia kila kiumbe mahali pake, alipofika kwa viumbe wa chini ya hadubini aliwasukumia kwenye jenasi moja, yaani kundi moja la spishi, akaiita Chaos, akarudi kwenye maua yake. Kuna siku namwelewa sana.

Nitakalosema leo wengine wenu mmeshalisikia kwangu, naona mmeanza kutabasamu. Kuainisha ni kazi moja, kutoa jina ni kazi nyingine. Uainishaji ni maoni. Ni maoni ya kitaalamu, yana ushahidi, yanapimwa, lakini ni maoni. Jina ndilo lenye sheria. Ipo Kanuni ya Kimataifa ya Majina ya Prokarioti, yaani bakteria na arkea, yenye vifungu vyake na tume yake ya kuamua mashauri. Kanuni hii ni kama msajili wa ndoa: anatazama fomu zimejazwa na mashahidi wapo, haulizi kama mnapendana. Umemweleza bakteria wako? Umehifadhi ukoo kielelezo, yaani mfano rasmi wa spishi hiyo, ukiwa hai, kwenye benki mbili za vijidudu zilizo katika nchi mbili tofauti? Umechapisha inavyotakiwa? Basi, jina limepita. Kama kweli anastahili kuwa spishi peke yake, hilo Kanuni haina habari nalo.

Sasa mtu ananiuliza, "Mwalimu, jina sahihi ni lipi?" Swali hilo linanipandisha presha. Sahihi kwa uainishaji wa nani?

Nipeni dakika zangu za tauni. Ndiyo, tauni tena.

Mwaka 1894 Alexandre Yersin yuko Hong Kong, watu wanakufa, hospitali haina nafasi kwa ajili yake, anafanya kazi kwenye kibanda. Anachoma jipu la marehemu, anatazama kwenye hadubini, anamwona bakteria. Tangu hapo kiumbe huyo amebeba majina: Bacterium pestis, Bacillus pestis, kisha miaka mingi Pasteurella pestis. Jina la Yersinia lilipendekezwa mwaka 1944. Yersin alikuwa amefariki mwaka uliotangulia.

Anaye ndugu, Yersinia pseudotuberculosis. Huyu ni wa matumbo: homa, maumivu upande wa kulia chini ambayo daktari anaweza kudhani ni kidole tumbo, na mara nyingi mgonjwa anapona. Ukimwotesha kwenye nyuzi joto 25 anaogelea, kwenye 37 anatulia. Wa tauni haogelei kwenye 25 wala 37. Kipimo cha kuvunja yurea, huyu wa matumbo chanya, wa tauni hasi. Mtu wa maabara anayejua kazi yake hawachanganyi.

Halafu ikaja DNA. Kufikia 1980 watafiti waliwalinganisha kwa kuunganisha DNA ya mmoja na ya mwenzake, wakakuta hawa wawili ni spishi moja. Kipimo cha kawaida cha enzi hizo kilikuwa asilimia 70, ukipita hapo mko nyumba moja, na hawa walipita mbali. Leo tunajua sababu: wa tauni alitokana na yule wa matumbo miaka elfu kadhaa tu iliyopita, na kwa bakteria hiyo ni jana. Alijipatia plasmidi mbili, vipande vya DNA vilivyo nje ya kromosomu, mojawapo ina jeni inayomwezesha kuishi ndani ya utumbo wa kiroboto, akapoteza jeni nyingi ambazo hakuzihitaji tena. Mabadiliko machache, madhara makubwa.

Basi, spishi ni moja. Jina lipi libaki? Kanuni inasema lililotangulia. Jina la pseudotuberculosis lilichapishwa 1889, la pestis 1896. Kwa hiyo bakteria wa tauni, huyuhuyu ambaye akifika kwenye mapafu bila dawa anaua karibu kila anayemgusa, awe nususpishi, tawi tu ndani ya spishi: Yersinia pseudotuberculosis nususpishi pestis. Kisayansi, safi kabisa. Wapendekezaji hawakukosea hata nukta.

Sasa tazameni karatasi ya majibu inayotoka maabara. Mtu wa zamu ana haraka, anafupisha, nususpishi inaachwa. Kwenye karatasi panasomeka Y. pseudotuberculosis. Daktari anasoma, anakumbuka ugonjwa wa tumbo, anamrudisha mgonjwa wodini kati ya wenzake. Hamtenganishi, hatoi taarifa kwa wakubwa, hatafuti aliokaa naye. Kesho kutwa mnahesabu waliokohoa.

Wapo waliolipeleka shauri kwenye Tume ya Mashauri, na mwaka 1985 Tume ikatoa uamuzi: jina hilo limekataliwa, Yersinia pestis linabaki. Kanuni ina kifungu kwa ajili ya hayo, kinachoruhusu kukataa jina ambalo matumizi yake yanaweza kuhatarisha afya au maisha ya watu. Angalieni walichokikataa. Hawakusema DNA imedanganya. Hawakusema hawa ni spishi mbili. Walisema: aminini mnachotaka kuhusu ukoo, jina hili halitaandikwa kwenye karatasi ya mgonjwa.

Naona kijana pale anatikisa kichwa. Unasema sayansi inafuata ukweli, haifuati urahisi wa madaktari. Sawa. Shigella, basi, mbona umemnyamazia? Kijenomu, yaani kwa DNA yao yote, Shigella wamo ndani ya Escherichia coli, kila mtu anajua, na jenasi nzima imeachwa kwa kuwa kuhara damu kunatibiwa na kufuatiliwa kwa namna yake. Na Bacillus anthracis? Toa plasmidi mbili za kimeta, kinachobaki utapata taabu kukitofautisha na Bacillus cereus anayetia sumu kwenye chakula. Hao unawakubali kila siku bila kelele. Kelele unaziweka akiba kwa ajili ya mhadhara wangu.

Na msinielewe kwamba mimi ni adui wa majina mapya. Mwaka 1984 Streptococcus faecalis alihamishiwa Enterococcus, nami nasema walichelewa. Sefalosporini, kundi la antibiotiki, zinazoua streptokoki wengi hazimfanyi kitu enterokoki. Hapo jina jipya lilimwambia daktari jambo la kweli ambalo jina la zamani lilikuwa linamficha. Mabadiliko ya namna hiyo nitayapigia makofi nikiwa nimesimama.

Hata Clostridium difficile, bakteria wa kuharisha anayesumbua hospitali, aliyehamishwa mwaka 2016, alihamishwa kwa busara. Kabla yake lilikuwepo pendekezo la Peptoclostridium, ambalo lingetugeuzia kifupi kuwa P. difficile na kuvuruga kila fomu, kila dawati la kudhibiti maambukizi. Waliofuata wakachagua Clostridioides ili herufi C ibaki pale ilipo. Kuna watu waliomfikiria mtumiaji! Niliposoma sababu yao nilifurahi kama mtoto.

Linganisheni na yaliyompata Mycobacterium. Mwaka 2018 jenasi ikagawanywa tano. Wa kifua kikuu akabaki, lakini abscessus, anayesumbua mapafu na haogopi dawa nyingi, akawa Mycobacteroides. Mwaka 2021 wengine wakachambua majenomu upya wakasema hakuna haja, jenasi irudi kuwa moja. Majina yote mawili yamechapishwa kihalali. Yote mawili. Hakuna polisi wa kukukamata ukiandika Mycobacterium abscessus leo jioni. Kanuni yenyewe inalinda uhuru wa mtu kuwa na maoni yake katika uainishaji. Orodha ya kwenye kompyuta ikikuwekea alama kwamba jina hili ndilo linalopendekezwa, hiyo ni rai ya waliotunga orodha. Isome, ipime, uamue. Nachoka na watu wanaoisoma kama hukumu.

Muda unakwenda, mwenyekiti ananionesha saa.

Haraka haraka. Tarehe 1 Januari 1980: siku majina yote ya bakteria yasiyokuwemo kwenye Orodha Zilizoidhinishwa yalipopoteza hadhi. Maelfu kwa maelfu yakaenda na maji, yakabaki 2,000 na ushee. Ningeweza kuimba juu ya siku hiyo, ila leo basi.

Faila, yaani makundi makubwa ya bakteria. Mwaka 2021 Firmicutes wakawa Bacillota, Proteobacteria wakawa Pseudomonadota. Kanuni zilifuatwa. Sina la kuongeza ambalo linafaa kusemwa hadharani.

Salmonella. Typhi, wa homa ya matumbo, si spishi. Ni mmoja kati ya aina za kiseramu, zinazotofautishwa kwa kingamwili, zaidi ya 2,500, karibu zote zimo ndani ya Salmonella enterica. Kwa hiyo Typhi, herufi kubwa, bila kulaza herufi kama jina la spishi. Nimeona tasnifu zimepita mikononi mwa watahini watatu na kosa hilo limekaa jalada la mbele.

Bakteria wasiooteshwa maabara, ambao ndio wengi kuliko wote, Kanuni haiwapokei kwa kuwa hawana ukoo hai wa kuhifadhi. Wanabaki na hadhi ya Candidatus, jina la muda, au wanakwenda SeqCode, utaratibu uliotoka mwaka 2022 unaokubali jenomu iwe kielelezo. Huo ni mjadala wa siku nzima, nasi hatuna hata robo saa. Virusi wana kamati yao wenyewe, ICTV. Tuwaachie.

Nimalizie na fangasi, kwa sababu hili mtakutana nalo kazini. Candida krusei sasa anaandikwa Pichia kudriavzevii. Flukonazoli, dawa ya fangasi, haimwezi, kwa maumbile yake tangu mwanzo, na daktari aliyesoma jina la krusei anajua hilo hata akiwa usingizini. Mpelekee karatasi yenye Pichia kudriavzevii peke yake saa nane za usiku, mgonjwa ana homa na fangasi wamo kwenye damu, muone ataandika dawa gani. Andikeni yote mawili: jina jipya, kisha la zamani kwenye mabano, kwenye mstari huohuo, si kwenye maelezo ya chini ambayo hayasomwi na mtu. Kama programu ya maabara yenu haina nafasi ya jina la pili, wasumbueni wanaoitunza mpaka waiweke. Haya, maswali. Kijana uliyekuwa unatikisa kichwa, anza wewe.