Shamba Halikungoji Magharibi

Asalaam alaykum. Ndugu zangu wa Chake, hapa Pemba, na nyinyi mliotoka Wete na Mkoani, ahsanteni kwa kuja.

Nimeombwa nizungumzie upigaji picha wa shamba. Nitashika jambo moja: saa. Vijana mmezoea kuambiwa kwamba picha nzuri ni ya alfajiri au ya jua kuchwa. Kweli, mwanga huo ni laini. Lakini saa hiyo nani yuko kazini? Mkiufuata huo peke yake mtarudi na minazi na ngalawa tupu. Picha za kuwauzia watalii tunazo tele.

Tazameni mwani. Maji ya bamvua, mwezi ukiandama na ukiwa mpevu, hutoka kabisa mnamo saa nne asubuhi. Hapo ndipo kina mama wanapokuwa kwenye vigingi na kamba zao, jua limeshakuwa kali. Wengi watakwambia mwanga huo haufai. Unafaa sana! Mchanga mweupe unaurudisha juu, unapenya chini ya kofia ya ukili na kumulika uso. Chutama, na punguza mwanga wa kamera kidogo ili mchanga usiungue. Maji mafu yakiingia, yale yasiyotoka sana, kaa nyumbani.

Karafuu nazo zinataka jua la mchana. Piga picha jamvi lile lile zilimoanikwa kila siku, kutoka pale pale. Siku ya kwanza punje zina kijani na wekundu kwa mbali. Siku zinavyokwenda wekundu unakolea, halafu zinageuka kahawia, mpaka ukiivunja moja kwa vidole inalia ta! Hiyo ndiyo hadithi, na jua la magharibi litakudanganya, maana linapaka kila kitu rangi nyekundu. Wingu likitanda, acha anga. Geukia watu wanaokimbilia kukunja majamvi. Na usiku usilale mapema: baada ya Isha, ukumbini, watu wazima na watoto wanachambua karafuu, punje huku, makonyo, yaani vikonyo vyake, kule. Taa iliyopo inatosha. Ukiwasha ya kamera umeua kila kitu.

Mandhari je? Panda kilimani uangalie mikarafuu juu na mpunga bondeni, lakini fahamu unachokitazama. Kimbunga cha mwaka 1872 kiliangusha mikarafuu mingi ya Unguja, na Pemba ikawa ndiyo ghala la zao hili. Baada ya Mapinduzi ya 1964 watu wakagaiwa eka tatu tatu. Basi tafuta mipaka ya hizo eka, tafuta njia ya mguu inayopita katikati. Kijani kitupu hakisemi kitu, na hao wanaokiongeza kwa programu za simu, mimi siwaelewi. Pemba imepungukiwa kijani?

Kuhusu watu: piga hodi kwanza, kamera iwe begani. Mtu akisema hataki, hataki. Usimvizie kwa lenzi ndefu kutoka nyuma ya mgomba. Aliyekubali, msafishie nakala ya karatasi umpelekee. Kumrushia kwenye simu hakutoshi, simu zinapotea. Nyuma ya nakala yako andika shehia, mwezi, kazi iliyokuwa ikifanyika, na jina lake kama ameridhia. Kalamu ya risasi, tafadhali. Wino unavuja katika unyevu wa masika.

Haya, nani ana suala?