Lenzi za Usiku na Jicho Lisiloona Mbali

Ndugu wasikilizaji, tuanze na kipimo. Konea, ule utando angavu ulio mbele ya jicho, ina unene wa takriban nusu milimita. Tabaka lake la juu kabisa ni kama mikroni 50 tu (mikroni ni sehemu ya elfu ya milimita), na lenzi ya usiku, ile anayolala nayo mtu asiyeona mbali, hushughulika hasa na hilo. Lenzi hiyo ni ngumu, hupitisha oksijeni, na katikati ni bapa kuliko konea. Ukilala nayo, shinikizo la machozi yaliyobanwa chini yake hupunguza unene wa katikati, mara nyingi kwa mikroni zisizofika 20, na kuuongeza kandokando. Asubuhi unaivua, unaona mbali bila miwani.

Kwa wengi, kuona hutulia baada ya siku saba hadi kumi. Kabla ya hapo, jioni ukungu hurudi. Madereva wajue pia kwamba gizani mboni hupanuka kupita eneo lililobapazwa, na taa huzungukwa na duara la mwanga. Ukiacha kuvaa, konea hurudi ilivyokuwa. Anayekwambia lenzi hizi zinaponya anakuuzia maneno.

Kwa watoto kuna faida nyingine. Utafiti wa Hong Kong uliochapishwa 2012 uliwafuata watoto wa miaka 6 hadi 10 kwa miaka miwili: macho ya wavaa miwani yalirefuka milimita 0.63, ya wavaa lenzi za usiku 0.36. Urefu huo ndio wa kuhofia, maana jicho refu huvuta retina, ule utando wa nyuma ya jicho unaopokea picha.

Sasa hatari. Maji ya bomba yasiguse lenzi wala kikopo chake, hata kama ni safi ya kunywa. Humo huishi akanthamiba, amiba anayeila konea na ambaye matibabu yake huchukua miezi. Nawa kwa sabuni, kausha mikono, suuza lenzi kwa dawa yake tu.

Asubuhi lenzi hunata. Usiivute! Tia matone mawili matatu ya kulainisha, subiri dakika tano, kisha bonyeza taratibu kwa ukingo wa kope ya chini mpaka uone inacheza unapopepesa. Kuivuta kwa kile kipira cha kunyonya cha kuvulia lenzi ikiwa bado imenata kunaweza kubandua seli, na bakteria hupenya palepale.

Jicho likiwa jekundu, likiuma au likichukia mwanga, vua na ufike kliniki ya macho siku hiyohiyo. Beba lenzi na kikopo bila kuviosha: maabara inaweza kuotesha vijidudu kutoka humo na kujua dawa ipi itawaua.