Weupe wa Barafu Unauzwa: Matangazo ya Biashara katika Hoki ya Kulipwa

Shikamooni wazee wangu. Kina mama, kina baba, ndugu zangu, nanyi watoto mliokuja na jezi zenu za buluu, ahsanteni kwa kufika jioni hii. Wengi wetu tuliingia Toronto tukiwa watu wazima, na hoki ya barafuni tumefundishwa na watoto wetu wenyewe sebuleni. Nimeombwa nizungumze juu ya mchezo huu na matangazo ya biashara, na nitaanzia kwenye kile kisahani cheusi.

Kisahani kile wachezaji wanachokipiga kwa magongo kimetengenezwa kwa mpira mgumu, upana wake sentimita 7.6, unene sentimita 2.5, uzito gramu 170 hivi. Mchezaji hodari akikipiga, hupita kilomita 160 kwa saa. Uwanja una urefu wa mita 61 na upana wa mita 26, umezungushiwa ukuta unaompita mtu mzima kiunoni. Sasa niambieni, mtu aliyekaa mbali, au aliye nyumbani mbele ya televisheni, kitu hicho atakionaje? Swali hilo limewasumbua wenye mchezo tangu zamani. Maji yakigandishwa juu ya zege huonyesha rangi ya zege, kijivu kisichopendeza, na kisahani cheusi hupotea humo. Ndiyo sababu mwaka 1949 NHL, ligi ya kulipwa ya Kanada na Marekani, ikaanza kupaka barafu rangi nyeupe. Ukuta nao ulikuwa mweupe. Miaka mingi baadaye, mwaka 1996, televisheni ya Fox kule Marekani ilitia vifaa vya kielektroniki ndani ya kisahani ili king'ae buluu kwenye skrini na kuacha mkia mwekundu kikipigwa kwa nguvu. Mashabiki wa siku nyingi hawakukipenda, na kufikia 1998 kilikuwa kimeachwa, lakini nia yake ilikuwa ileile: mtazamaji aone.

Weupe ule, basi, uliwekwa kwa ajili ya macho yetu. Na tangu mwishoni mwa miaka ya 1970, timu za NHL zilipoanza kuuza nafasi za matangazo kwenye ukuta, weupe huo umekuwa ukiuzwa kipande kwa kipande.

Sisemi kwamba hapo kwanza mchezo huu ulikuwa safi, haujui biashara. Mechi za Jumamosi usiku zilipoanza kusikika redioni Kanada nzima miaka ya 1930, mtangazaji akiwa Foster Hewitt, mdhamini wa kwanza alikuwa General Motors, watengenezaji wa magari. Mwaka 1936 akaingia Imperial Oil, kampuni ya mafuta. Imperial Oil walikuwa na petroli wakiiita Three Star, yaani nyota tatu, na ili kuitangaza wakaanzisha desturi ya kuwataja wachezaji watatu waliong'ara kila mechi ilipomalizika. Petroli ile imesahauliwa. Nyota tatu zimebaki mpaka leo: king'ora cha mwisho kinalia, watu hawaondoki, wanangoja kusikia nani nyota wa tatu, nani wa pili, nani wa kwanza. Watoto hapa mbele wanatikisa kichwa, wanajua. Hilo lilikuwa tangazo la biashara, na liliupa mchezo kitu. Lilingoja mechi iishe, likawasifu wachezaji, na halikuziba jicho la mtu.

Tangazo jingine linatugusa sisi kwa karibu. Nairobi kuna uwanja mdogo wa barafu ndani ya hoteli ya Panari, barabara ya Mombasa, na kuna timu iliyokulia pale, Ice Lions. Walikuwa wanafanya mazoezi bila timu nyingine ya kucheza nayo. Mwaka 2018 kampuni ya kahawa ya Tim Hortons iliwaleta hapa Kanada, ikawavalisha vifaa vipya, na chumbani mwa kubadilishia nguo wakaingia nyota wa NHL, Sidney Crosby na Nathan MacKinnon, kucheza pamoja nao. Ilikuwa filamu ya kuuza kahawa, ndiyo, na kampuni ilipata sifa yake. Lakini vijana wale walicheza mechi ya kweli, na watu wengi wa nchi hii walijua siku hiyo kwamba Mkenya anateleza barafuni. Nimeitazama tena na tena na bado inanigusa.

Kwa hiyo ugomvi wangu si na mdhamini kuwepo. Nauliza anasimama wapi na anauza nini.

Tuangalie anaposimama. Majina ya viwanja yalianza kwenda mapema. Maple Leafs, timu yetu ya hapa Toronto, walicheza uwanja wa Maple Leaf Gardens tangu 1931 hadi 1999, kisha wakahamia kwenye uwanja ulioitwa kwa jina la shirika la ndege, Air Canada Centre. Mwaka 2018 ukaitwa Scotiabank Arena, kwa mkataba wa dola milioni 800 za Kanada kwa miaka 20. Timu ya Montreal nao waliacha uwanja wao wa Forum mwaka 1996 wakaingia jengo lenye jina la kampuni ya bia, na mwaka 2002 likachukua jina la kampuni ya simu. Hilo mimi hupita haraka, kwa sababu jina la jengo halinizuii kuona bao.

Lakini jezi ilikuwa mwiko. Ulaya, kule Uswidi, Ufini, Ujerumani na Uswisi, wachezaji wa hoki wamezoea kujaa nembo kuanzia helmeti hadi soksi. Marekani ya Kaskazini ilijivunia kwamba kifua cha mchezaji ni cha timu peke yake. Montreal mashabiki huiita jezi yao flana takatifu. Hata ligi ya mpira wa kikapu ya NBA ilipoanza kuweka nembo za wadhamini msimu wa 2017, kamishna wa NHL, Gary Bettman, alikuwa ameshasema hadharani kwamba ligi yake haitakuwa ya kwanza kwenye jambo hilo.

Halafu ikaja korona. Machi 2020 ligi ilisimama. Ilipoendelea, ilichezwa Toronto na Edmonton kwenye viwanja vitupu, viti vimefunikwa vitambaa vikubwa vyenye nembo. Ligi hii hutegemea sana fedha za mlangoni, na mlango ulikuwa umefungwa. Msimu uliofuata ulipoanza Januari 2021, nembo zilikuwa zimepanda kwenye helmeti, na hata makundi manne ya ligi yaliuzwa majina: kundi la timu za Kanada likaitwa kwa jina la Scotiabank, mengine kwa majina ya Honda, Discover na MassMutual. Watu walivumilia, wakisema ni msiba, na wenye msiba hawabishiwi. Korona ikapungua, mashabiki wakarudi, helmeti hazikurudi zilivyokuwa. Agosti mwaka huohuo wa 2021 ligi ikaidhinisha nembo kifuani kuanzia msimu wa 2022, kipande cha takriban sentimita 7.6 kwa 8.9. Timu ya kwanza kutangaza mkataba wake ilikuwa Washington Capitals, na mdhamini alikuwa Caesars Sportsbook, kampuni ya kamari. Montreal wakashona nembo ya benki ya RBC kwenye flana takatifu, na mashabiki wakakasirika sana. Maple Leafs wakavaa neno moja la Kiingereza lenye maana ya maziwa, wakilipwa na wafugaji wa ng'ombe wa maziwa wa Ontario. Nakiri kwamba kati ya nembo zote, hiyo ya maziwa ndiyo inayonisumbua kidogo kuliko zote.

Lakini jezi bado unaweza kuizoea. Kilichonifanya nikubali kuja kusimama hapa ni ukuta.

Msimu huohuo wa 2022 NHL ilileta mfumo wa kufuta, kwenye televisheni, matangazo yaliyobandikwa ukutani na kuweka mengine ya kompyuta mahali pake. Mtu aliyekaa uwanjani anaona ukuta wa kweli. Wewe nyumbani unaona ukuta ambao haupo. Mtazamaji wa Toronto anaonyeshwa kampuni moja, wa Boston nyingine, na wote wanatazama pasi ileile. Kila nusu dakika hivi picha inabadilika, na nyingine zinatembea: gari linakimbia ukutani, herufi zinajikunja na kujikunjua, wakati watu kumi wanateleza mbele yake na kipa kila upande anahangaika.

Ili hilo liwezekane, kompyuta lazima ikate umbo la kila mchezaji, la kila gongo na la kile kisahani, na kuamua papo hapo: hiki ni mtu, hiki ni ukuta. Ikikosea, mguu wa mchezaji unamezwa na tangazo. Gongo linakatika katikati. Kisahani kinachoteleza kandokando ya ukuta kinapotea sekunde moja, na kwenye hoki sekunde moja ndiyo bao. Msimu ule wa kwanza malalamiko yalikuwa mengi mno, na mfumo umerekebishwa tangu hapo. Lakini hata siku usipokosea hata mara moja, kazi yake ni kulivuta jicho litoke kwenye mchezo. Kitu kinachotembea pembeni huvuta jicho, ndivyo tulivyoumbwa, na anayelipia tangazo linalotembea analipia hasa hilo. Ligi iliyopaka barafu rangi nyeupe ili nione, leo inalipwa ili nisione vizuri. Hapo ndipo ninapokataa.

Mzee pale nyuma ameinua mkono. Naam, mzee wangu. (Aliuliza: fedha hizi zikiondoka, si tiketi zitapanda bei?) Swali la haki. Tangu mkataba wa 2013 wachezaji na wamiliki wanagawana mapato ya mchezo nusu kwa nusu, na mapato ya nembo yanaingia humo. Kikomo cha mishahara ya timu, kilichokwama dola za Marekani milioni 81.5 kwa misimu mitatu ya korona, kilifika milioni 95.5 msimu wa 2025/26. Sehemu ya ongezeko hilo ni matangazo, na mchezaji anayevunjika meno kwa ajili yetu simwonei choyo. Ila tiketi, mzee wangu, bei yake hupangwa kwa kuangalia watu wanakubali kulipa kiasi gani kwa viti vichache vilivyopo. Nembo zimeingia helmeti, zimeingia kifua, zimeingia ukuta, na waliomo humu wanaonunua tiketi za Maple Leafs wanajua bei imekwenda wapi.

Sasa anauza nini. Hapa nawaomba wazazi mnisikilize kwa makini.

Mei 2018 Mahakama ya Juu ya Marekani ilifuta sheria iliyozuia majimbo mengi kuruhusu kamari ya michezo. Huku Kanada, hadi Agosti 2021, sheria ya jinai haikuruhusu kubeti mechi moja. Ilibidi upange mkeka wa mechi kadhaa. Agosti 27 mwaka huo kizuizi kikaondolewa, na Aprili 4, 2022 Ontario ikafungua soko kwa kampuni binafsi. Ndani ya mwaka mmoja Wayne Gretzky, gwiji aliyestaafu, na Connor McDavid, nyota wa sasa, walikuwa pamoja kwenye tangazo la BetMGM. Auston Matthews wa Maple Leafs, ambaye jina lake liko mgongoni mwa nusu ya watoto waliomo humu, alikuwa akiitangaza kampuni nyingine ya kamari. Mwaka 2024 watafiti wa Chuo Kikuu cha Bristol pamoja na kipindi cha Marketplace cha CBC, shirika la utangazaji la Kanada, walichunguza mechi kadhaa za hoki na kikapu zilizorushwa hapa, wakakuta ujumbe wa kamari ukichukua hadi asilimia 21 ya muda wa mechi. Wala hayo si mapumziko peke yake. Ni ukutani, ni kwenye barafu, ni pale mchambuzi anapotaja odi, yaani viwango vya malipo ya kubeti, za nani atafunga bao linalofuata la kwanza.

Mliotoka nyumbani mnaijua njia hii. Mmeona klabu zikivaa jina la kampuni ya kubeti, na mliotoka Nairobi mnakumbuka 2019, SportPesa ilipogombana na serikali ikaondoa udhamini, Gor Mahia na AFC Leopards wakabaki wanahangaika. Mmeona vijana wakiweka ada ya shule kwenye mkeka, na mkeka ukachanika. Hatukuhama tukavuka bahari ili watoto wetu wafundishwe hayo na mchezaji wanayempenda kuliko wote.

Na mambo haya hubadilika watu wakisema. Klabu za Ligi Kuu ya Uingereza zilikubaliana Aprili 2023 kuondoa kamari kifuani mwa jezi mwisho wa msimu wa 2025/26. Hapa Ontario, tangu Februari 28, 2024, mwanamichezo haruhusiwi kutokea kwenye tangazo la kamari ya mtandaoni, isipokuwa la kuhimiza tahadhari. Lakini kanuni hiyo haigusi ukuta wala kifua. Seneta Marty Deacon alipeleka muswada wa kuitaka serikali ya shirikisho iweke mwongozo wa nchi nzima juu ya matangazo ya kubeti michezo. Seneti iliupitisha Novemba 2024, Bunge likaahirishwa Januari kabla haujafika mwisho, ukafa. Mwaka 2025 akauwasilisha upya. Muswada huu utahitaji kura za wabunge wetu wa Scarborough, wa Brampton, wa Mississauga, na wabunge hao wanahesabu barua.

Andikeni kwa Kiingereza au Kifaransa, ukurasa mmoja unatosha. Mwambie mbunge kwamba mtoto wako ana umri gani, mnatazama mechi saa ngapi, na mwezi huu ameona nini kwenye ukuta ule. Barua ya kwenda kwa mbunge wa shirikisho, Ottawa, haihitaji stempu. Karatasi na bahasha ziko kwenye meza ya mlangoni, na vijana wawili wamekaa hapo kuwasaidia wanaotaka kusaidiwa kuandika.