Kanisa Lililoliwa na Bahari: Siku Moja na Kempavani, Pwani ya Poland

Hamjambo wapendwa, karibuni tena. Leo na kempavani, gari letu la kusafiria na kulala, tunatoka Świnoujście asubuhi na jioni tunamalizia Kołobrzeg. Njiani kuna makanisa mawili na ukuta mmoja. Shemeji yenu, ninayemwita Baba, ndiye kashika kamera, picha ikicheza mlaumuni yeye.

Kwanza, kufunga vitu. Vyombo kabatini, gesi ifungwe, friji kwenye betri. Hayo mnayajua, twende.

Ngojeni! Dirisha la paani. Baba, sogeza kamera huku juu. Zungusha mpini huu taratibu. Wa kwangu ni mizunguko sita. Ukisikia "tik", acha hapo hapo, usiongeze nguvu, meno ya ndani yatalika. Halafu bonyeza makomeo, la kushoto NA la kulia. Mwaka jana nilibonyeza la kushoto peke yake. Nikiwa barabarani nasikia mlio, natazama kioo cha pembeni, naliona dirisha langu linatua kwenye ngano ya mtu. Makomeo mawili, jamani.

Haya, barabarani. Poland taa za mbele zinawashwa hata mchana wa jua kali, mwaka mzima. Mjini mwendo ni 50. Kituo cha mafuta, dizeli imeandikwa ON, petroli ni Pb. Shemeji yenu siku ya kwanza aliuliza OFF iko wapi. Na kama ni Jumapili, maduka mengi yamefungwa, kwa hiyo maji na mkate nunueni Jumamosi.

Kutoka Świnoujście piteni kwenye handaki la chini ya maji. Njia hiyo ilifunguliwa 2023 na hailipiwi. Zamani tulikuwa tunapanga foleni ya kivuko, na mimi foleni ya kivuko nimeshashiba tangu Kigamboni.

Kituo cha kwanza, Kamień Pomorski. Kanisa kuu hili ujenzi wake ulianza karne ya 12, askofu alipohamia hapa kutoka Wolin. Matofali mekundu, na juu nyuma kuna kinanda cha mabomba cha karne ya 17 kilichojaa dhahabu. Kiangazi kinapigwa kwenye matamasha. Ingieni wakati hakuna misa. Wenyeji wakiwa kwenye ibada, msizungukezunguke na simu. Wanaume, kofia mkononi. Mimi hujitupia kanga mabegani, yanaisha.

Sasa ndiyo sababu ya video hii: Trzęsacz. Semeni "Tshensach". Mnasikia huo upepo? Baba, ziba maikrofoni na... basi, shika hivyo hivyo.

Angalieni huu ukuta. Ni wa kusini, ndio uliobaki. Kanisa lilijengwa mbali na maji, karibu kilomita 2 bara. Bahari ikawa inachimba ufuko kidogo kidogo, kila dhoruba inaondoka na kipande. 1874 wakasali misa ya mwisho, 1901 kuta zikaanza kuporomoka baharini. Wenyeji wana hadithi yao: wavuvi walimnasa Zielenica, binti wa mfalme wa bahari, akafa kwa huzuni, wakamzika uani mwa kanisa. Baba yake akawa anakuja kumchukua.

Mimi ni mtu wa Bagamoyo. Kaole kwetu bahari iliondoka, mikoko ikaziba bandari, msikiti ukabaki na makaburi yake. Huku bahari imekuja na kumeza. Nimesimama hapa mara tatu na bado sijazoea.

Simameni kwenye jukwaa la kutazamia, siyo ukingoni! Udongo huo unakatika. BABA, RUDI NYUMA.

Chakula. Agizeni flądra, samaki bapa kama gayogayo wetu, wa kukaanga. Lakini bei iliyo ubaoni ni ya gramu 100, siyo ya samaki mzima. Uliza uzito kabla hajatumbukizwa kwenye mafuta. Sisi tuliuliza baadaye.

Niechorze kuna mnara wa taa wa 1866, mita 45. Pandeni mkitaka, magoti yangu yamekataa.

Kołobrzeg. Ndani ya basilika tazameni nguzo za upande wa kusini: zimeinama upande kabisa, siyo kamera. Kanisa liliungua vita vya 1945 likajengwa upya. Kinara cha shaba chenye matawi saba ni cha 1327, kinanipita urefu zaidi ya mara mbili. Mimi hukaa benchi la nyuma, saa za jioni, jua likiingia pembeni...

Hilo ni tone? Mvua. Baba, ulifunga dirisha la juu? Na komeo la kulia?

Baba?